Samaki wa Darasa la Pili B

Siku Queen alipokataa kula dagaa, mama yake alidhani ni deko tu. Odeta alikuwa muuza dagaa. Nyumba yao ya kupanga pale Nyakato ilinuka dagaa kuanzia mlangoni hadi kwenye shuka, na mtoto huyo alikuwa amekuzwa kwa dagaa tangu aote meno. Akamsogezea sahani, akamwambia aache maringo. Queen akaisukuma kwa nguvu hadi mchuzi ukamwagika mkekani.

"Sili! Mimi siyo dagaa!"

"Nani kasema wewe ni dagaa?"

Mtoto akageuza uso. Odeta alipomvuta karibu, maneno yakatoka pamoja na makamasi: darasani wote wanamwita Dagaa, hata kwenye foleni ya uji wanamwita Dagaa, na mwalimu amembandika ukutani, chini kabisa, kwenye matope.

"Kakubandika? Kakubandika vipi?"

"Picha yangu. Kwa sababu sijui kusoma."

Odeta akavuka ua kwenda kumuuliza jirani, ambaye mwanawe alisoma darasa hilohilo la pili B. Jirani akacheka, akatoa simu yake. "Kwani hujaiona, Mama Queen? Mbona imesifiwa sana kwenye kundi la wazazi!" Simu ya Odeta ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Kundi hilo alilisikia kwa watu. Katika picha aliona rangi ya buluu nyingi na vitu vidogovidogo ambavyo hakuvitambua. Akarudisha simu, akasema asante, na usiku huo hakumwelezea mumewe kitu, kwa sababu Paulo alikuwa ametoka zamu ya kiwandani na alikuwa amelala na viatu miguuni.

Asubuhi aliacha meza yake sokoni bila kumwambia mtu, akaenda shuleni.

Watoto walikuwa nje wakifagia uwanja. Mlango wa darasa la pili B ulikuwa wazi, akaingia. Akasimama.

Ukuta wote wa nyuma ulikuwa ziwa. Mtu alikuwa amebandika karatasi za manila za buluu kutoka dirisha hadi dirisha, juu nyeupenyeupe kama maji ya asubuhi, chini zikizidi kuwa nzito hadi kuwa nyeusi. Mawe makubwa yaliyobebana, kama yale ya pale mjini, yalikuwa yamekatwa kwenye mifuko ya saruji. Magugu maji yalikuwa yamesokotwa kwa nyuzi za kijani. Juu kabisa waliogelea sangara watatu wakubwa, magamba yao ni vizibo vya soda vilivyopondwa vikawa bapa, na kila mmoja alikuwa na taji la karatasi ya dhahabu. Chini yao sato, kundi zima. Chini ya sato, furu wadogo. Kila samaki alikuwa na uso wa mtoto, picha halisi iliyopigwa kwa simu ikachapishwa. Juu ya yote kulikuwa na herufi kubwa: ZIWA LETU LA USOMAJI.

Na chini, kwenye matope ya kahawia, walilala dagaa watano, wembamba kama vijiti. Wa tatu alikuwa na uso wa Queen. Katika picha alikuwa anacheka. Kumbe siku anapigwa picha hakujua inaenda wapi. Pembeni paliandikwa: DAGAA, AMKENI!

Ilikuwa kazi nzuri. Hilo ndilo lililomchoma Odeta zaidi ya yote. Ingekuwa imelipuliwa ovyoovyo angeweza kusema mtu huyu hajali. Lakini mtu huyu alikuwa amekaa, amewaza, amekata magamba moja moja, amepaka gundi kwa utulivu, na kwa mikono hiyohiyo amemlaza mwanawe kwenye matope.

"Karibu, mama," sauti ikasema nyuma yake. Alikuwa Mwalimu Muganyizi, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi, chaki mkononi. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu anayesubiri kusifiwa. "Umekuja kuona ziwa letu?"

"Mimi ni mama yake Queen."

Furaha ikapungua kidogo. "Ahaa. Karibu. Tulitaka tuonane."

"Mwalimu, naomba umtoe mwanangu pale."

"Mama, pale si kwa kudumu. Mtoto akisoma vizuri anapanda. Kutoka dagaa anakuwa furu, kutoka furu anakuwa sato. Inawapa hamasa. Mratibu wa elimu wa kata ameona, amesema ndiyo maana halisi ya darasa linaloongea, kuta zenyewe zinafundisha."

"Linaongea nini?"

"Samahani?"

"Darasa linaongea nini? Mimi nalisikia linamwambia mwanangu ni mjinga."

Muganyizi akashusha pumzi. Akaeleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba Queen anachanganya herufi. Akikuta *kalamu* anasoma *karamu*. Akikuta *mchele* anasoma *mchere*. Darasa zima linaangua kicheko na somo linasimama.

"Anajua kalamu ni kitu gani?"

"Anajua, lakini—"

"Mimi nasema mchere, mwarimu. Nimezaliwa Usukumani, nasema mchere, na naununua, naupika, watu wanakula wanashiba." Akasikia mwenyewe alivyotamka *mwarimu*, akasikia pia mtoto mmoja dirishani akicheka, na damu ikampanda kichwani. "Sasa na mimi nibandike. Piga picha yangu, nilale pale na mwanangu."

"Mama, usichukulie hivyo. Mimi kwetu ni Kagera, nilikuwa nachanganya herufi hizohizo. Nilichapwa. Nilichekwa na shule nzima. Ndiyo nikajirekebisha, leo ni mwalimu."

"Na ulipokuwa unachekwa, uliona raha?"

Kengele ikagongwa. Kijana akasema kwa sauti nyingine kabisa, kavu, kwamba Ijumaa kuna wageni kutoka halmashauri wanakuja kuona ziwa hilo, na kabla ya hapo hakuna kitakachobanduliwa. Kama ana malalamiko, ofisi ya Mwalimu Mkuu ni ile.

Mwalimu Mkuu alikuwa Mwalimu Immaculata, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Odeta akamwamkia, "Shikamoo, mwalimu," akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," akaonyeshwa kiti. Alisikilizwa hadi mwisho. Kisha akaambiwa kwa upole avumilie mpaka Ijumaa ipite. Shule haijawahi kupata sifa namna hii, walimu wamejitolea, wageni wakikuta ukuta una mapengo itakuwa aibu.

"Aibu ya nani, mwalimu?"

"Ya shule yetu sote, Mama Queen."

"Na aibu ya mwanangu, hiyo inasubiri Ijumaa?"

Mwalimu Immaculata akatazama mikono yake. Odeta akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mzima tangu azaliwe.

Jioni alimsimulia Paulo. Paulo alikunja uso, akakuna kichwa, halafu akasema waache. "Yule ndiye anakaa na mtoto kutwa nzima, Mama Queen. Ukimuudhi, hasira zake atazimalizia kwa nani?"

"Kwa hiyo tumpe mtoto amlaze matopeni, ili asikasirike?"

"Nasema tuvumilie. Ni karatasi tu."

"Karatasi tu," Odeta akarudia. Aliosha vyombo kwa kishindo hadi kikombe kikavunjika sikio.

Ijumaa wazazi walialikwa. Odeta alivaa kitenge chake cha kanisani. Nguo ilikuwa imekaa sandukuni na karafuu, haikunuka dagaa hata kidogo, na alikasirika na nafsi yake kwa kulijali hilo. Wazazi waliketi kwenye madawati ya pembeni, magoti yamewafika kifuani. Wageni waliingia na viongozi wa kata, wakapigiwa makofi. Mgeni rasmi, bwana mnene mwenye sauti ya ucheshi, alisimama mbele ya ziwa akaguna kwa kuvutiwa. Aligusa magamba ya vizibo. Aliuliza nani amebuni. Muganyizi akainamisha kichwa kwa haya, na makofi yakapigwa tena.

"Sasa nataka kuwajua samaki wenyewe," mgeni akasema. "Wewe binti, wewe ni samaki gani?"

"Mimi ni sangara!"

"Ohoo! Na wewe?"

"Sato!"

Akazunguka hivyo, akicheka, wazazi nao wakicheka, hadi akafika dawati la Queen. Odeta aliona mabega ya mwanawe yakipanda kuelekea masikioni.

"Na wewe mrembo, ni samaki gani?"

Queen alisimama, maana walifundishwa kusimama mgeni akiwauliza, akatazama sakafu.

"Mbona kimya? Samaki gani?"

Darasa zima likamsaidia. "Dagaaaa!"

Mgeni akacheka. Hakuwa na ubaya, alicheka kama walivyocheka wote. Queen akajaribu kucheka nao, na ile sura yake ya kujaribu kucheka ndiyo Odeta hakuweza kuibeba.

Aliinuka. Dawati lilikwaruza sakafu kwa kelele. Alipita katikati ya watoto, akapita mbele ya mgeni rasmi, akafika ukutani, akainama hadi chini kabisa. Gundi ilikuwa kali. Ilibidi aingize ukucha, na picha ilipobanduka ilitoka na kipande cha matope, kikaacha doa jeupe.

"Mama, unafanya nini?" Muganyizi akasema.

"Namchukua mwanangu, mwarimu."

Safari hii mtu mmoja alicheka, mzazi, huko nyuma. Odeta akageuka. "Cheka," akasema. "Cheka vizuri. Mmezoea kucheka, hata watoto wenu wamejifunza kwenu. Huyu ana miaka minane. Anajua kupika uji, anajua kumfunga mtoto mchanga wa jirani mgongoni akanyamaza, anajua kuhesabu chenji kuliko mimi. Herufi mbili zinamshinda, basi mmemuua na kumzika, mmewaita na wageni waje waone kaburi!"

Hakuna aliyecheka tena. Kiongozi mmoja wa kata akaanza kusema mambo ya nidhamu na utaratibu. Ndipo akainuka baba mmoja, fundi baiskeli aliyeitwa Maige, ambaye Odeta alimjua kwa sura tu. Alikwenda ukutani, akapiga goti, akaanza kumbandua mwanawe, dagaa wa mwisho kule kwenye kona. Gundi ikamshinda. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akakwangua polepole, watu wote wakimtazama.

Mgeni rasmi akatazama saa yake. Ziara ikahamia kwenye bustani ya mboga.

Baadaye Odeta aliitwa ofisini, akaambiwa ameiaibisha shule, na kwamba kamati ya shule itamjadili. Akasema wamjadili. Muganyizi alikuwa amesimama karibu na kabati, macho mekundu.

"Nimefanya kazi ile wiki ngapi," akasema, akimtazama Mwalimu Mkuu, si Odeta. "Kila jioni. Peke yangu."

"Najua," Odeta akasema. "Ni nzuri. Ungekuwa na mkono mbaya tusingeumia hivi."

Kijana alitoka nje bila kumtazama.

Jumatatu picha zote zilikuwa zimebanduliwa, za sangara na za sato pia, kwa amri ya Mwalimu Immaculata. Ziwa lilibaki bila nyuso. Wazazi wa sangara walinuna. Jirani wa Odeta aliacha kumsalimia, akawa akimwona anaingia ndani na kufunga mlango. Odeta alidhani mambo yameishia hapo.

Lakini Queen alianza kurudi nyumbani na daftari safi. Halikuwa na kosa wala vema, halikuwa na wino mwekundu hata kidogo. Odeta alimuuliza kama wanasoma. Queen akasema wanasoma, kila mtu anasimama anasoma, ila mwalimu akifika kwake anamruka.

"Anakuruka?"

"Anasema, 'Wewe kaa, mama yako asije akanifokea.'"

Paulo alisikia. Odeta alimgeukia akitegemea aseme nilikwambia, na alikuwa amejiandaa kumrukia. Paulo hakusema hivyo. Alikaa akizungusha kofia yake ya kazi mikononi. Kisha akasema, "Kesho meza yako nitaisimamia mimi. Niko zamu ya usiku. Wewe nenda."

Asubuhi Odeta aliingia darasani na watoto, akaketi dawati la nyuma kabisa, chini ya ziwa lisilo na nyuso. Hakuvaa kitenge cha kanisani. Alikuja na gauni lake la sokoni, harufu yake yote.

Muganyizi akasimama mlangoni. "Mama, huruhusiwi kukaa hapa."

"Nimemuuliza Mwalimu Mkuu, kaniruhusu. Fundisha."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Siku utakayomsomesha mwanangu kama wengine, nitaondoka. Siku hiyo ikichelewa, kesho nitarudi, na keshokutwa. Dagaa wakishakauka hawaozi."

Muganyizi alifundisha akiwa ameupa mgongo upande wa nyuma. Chaki ilimkatikia mara kadhaa. Watoto walisoma mmoja mmoja kitabuni, dawati kwa dawati, na mwalimu alipofika kwa Queen aligeukia ubao. Odeta hakutikisika. Mikono yake ilikuwa imekaza ukingo wa dawati, na alijua kwamba akirukwa mtoto huyu mbele ya macho yake, atafanya jambo ambalo hata yeye hakulijua.

"Queen," mwalimu akasema hatimaye. "Simama. Soma."

Queen akasimama. Akaweka kidole chini ya neno, jambo alilokatazwa.

"Mama... a-na-pi-ka... mchere."

Mvulana mmoja dawati la mbele akaanza kucheka. Muganyizi akamtazama hadi kicheko kikafa. Kijana yule alionekana mdogo kuliko shati lake.

"Mchele," akasema, bila kufoka. "Ulimi uguse juu, hapa. Nami ilinichukua muda. Rudia."

"Mcheee... le."

"Endelea."

Queen aliendelea. Alikosea tena mstari uliofuata, na uliofuata. Odeta alikaa palepale, hajamsamehe mtu, akisikiliza kila neno.