Mamkubwa na Bangili Nyeupe

Simu ya Kengele ilimkuta Mamkubwa na pini mdomoni, anapima pindo la sketi ya shule. Akazitema kiganjani, akaweka simu sikioni.

"Mamkubwa, funga cherehani. Tunakwenda baharini."

"Tunakwenda mimi na nani?"

"Wewe na mimi na mtoto. Na mume wangu, lakini yule ni wa simu tu, usimhesabu. Hoteli iko mlimani, bahari unaitazama kwa chini kama unachungulia kisima. Tutakaa pamoja, kama zamani."

Kama zamani. Mamkubwa alikuwa na sare za watoto wa watu, na shule zilikaribia kufunguliwa, lakini maneno hayo mawili yalimfunikia cherehani palepale. Aliwaomba radhi wazazi mmoja mmoja. Kisha akatoa kitambaa alichokuwa amejiwekea sandukuni, chenye maua madogo ya samawati, akajishonea gauni la kukalia ufukweni.

Kengele alikuwa mtoto wa mdogo wake. Mdogo wake alipata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo wakati mtoto bado ananyonya, akamwacha kwa dada yake, akasema ni kwa muda mfupi tu. Muda mfupi ukaota meno, ukatembea, ukaanza shule. Hata jina la Kengele ni Mamkubwa aliyelitoa, maana kitoto kile kikianza kulia, mtaa mzima uliamka. Miaka yote ile kilimwita Mama. Mama mzazi aliporudi alimfundisha binti yake kusema Mamkubwa, na Mamkubwa hakununa, kwa sababu ndiyo haki yenyewe: dada mkubwa wa mama yako ni mama yako mkubwa. Ila alibaki na jambo moja moyoni. Je, chini ya jina hili jipya, lile la zamani bado lipo? Swali kama hilo humwulizi mtu. Unalingoja lijijibu.

Kwa hiyo alikwenda baharini kungoja jibu. Mambo mengine, upepo na mchanga, yalikuwa nyongeza.

Mume wa Kengele alimbebea begi kutoka kwenye gari mpaka mapokezi, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, na Mamkubwa alilitia hilo moyoni, kwani wapo wakwe wasiobeba hata salamu. Pale mapokezi walivishwa bangili za plastiki. Kengele na mumewe walipewa za buluu, yeye nyeupe.

"Nyeupe inafanana na mvi zangu," Mamkubwa alisema.

Msichana wa mapokezi akacheka kidogo, kisha akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Huko juu walikopelekwa hapakuwa chumba, palikuwa nyumba nzima. Sebule ilikuwa na makochi meupe ambayo Mamkubwa aliogopa kuyakalia. Kitanda cha kina Kengele kilikuwa kipana kama uwanja. Bafu lilikuwa na dirisha linalotazama bahari, ungedhani bahari nayo imelipa kiingilio. Roshani ilikuwa na kidimbwi chake cha kuogelea, maji yamejaa mpaka ukingoni, na chini yake kilima kinaporomoka, miti juu ya miti, mpaka kwenye mchanga. Na nyuma ya jiko dogo palikuwa na kijichumba chenye kitanda kimoja cha mtu mzima na kimoja cha mtoto. Dirisha lake lilitazama ukuta wa mlima.

"Hapa ndipo pako, Mamkubwa. Mtoto akiamka usiku utakuwa karibu naye."

"Vizuri sana," alisema Mamkubwa, na alimaanisha. Mjukuu alikuwa na miezi michache na tumbo la kusumbua. Nani angemtaka mbali?

Siku za mwanzo zilipita hivyo. Kengele alikuwa amechoka, uso umemshuka kama nguo iliyolowa, na Mamkubwa alimwonea huruma. "Lala mwanangu, mpe mimi." Akalala. Akienda kukandwa mgongo, mpe mimi. Akiteremka na mumewe kula chini ufukweni, mpe mimi. Kila mara Kengele alisema kesho tutateremka wote, na kila kesho ilizaa kesho nyingine. Chakula cha Mamkubwa kililetwa kwenye sinia na mhudumu wa vyumba, mwanamke wa makamo mwenye mdomo usiolala.

"Mama, umeshatandika tena? Utaninyang'anya kazi!"

"Mkono umezoea."

"Uache usahau. Hawa hawatoi zawadi kwa waliozoea." Akamtolea mfukoni sabuni nzuri za hoteli, zile zenye harufu. "Chukua, peleka nyumbani. Sisi kwa sisi tusipobebana nani atatubeba? Na pole na kazi."

Mamkubwa alishukuru. Ile "pole na kazi" aliichukua kama salamu ya kawaida tu, kama vile watu wanavyompa pole mtu yeyote mwenye mtoto mgongoni. Na "sisi kwa sisi" aliichukua kwamba ni wanawake.

Siku moja Kengele mwenyewe alisema, "Leo mchana tunakula wote chini. Mimi natangulia na mume wangu, wewe ngoja mtoto aamke, umlete."

Mamkubwa alioga mapema. Akavaa gauni la maua ya samawati, akajitazama kwenye kioo kirefu cha sebuleni, akajigeuza kama msichana, akajicheka. Mtoto alipoamka alimbadilisha, akamvika kofia, akatoka naye hadi kwenye kigari cha umeme kinachowateremsha wageni ufukweni.

Dereva wa kigari alimsaidia kupanda. Alikuwa ameshakiwasha alipoiona ile bangili. Akakizima tena.

"Mama, unampeleka mtoto kwa wenyewe?"

"Nampeleka, na mimi nakwenda kula."

Dereva akakuna kichwa. "Haya. Nitakufikisha mpaka kwenye kivuli, jua lisikuchome. Lakini pale getini wenye nyeupe huwa wanamkabidhi mtoto, halafu wanarudi. Chakula chenu ni kule nyuma ya chumba cha dobi. Ni kizuri tu, mama, mimi mwenyewe nakula kule."

"Wenye nyeupe ni kina nani?"

Dereva alikiwasha tena kigari. Aliendesha taratibu sana, akikwepa kila jiwe, na baadaye Mamkubwa alikuja kuelewa kwamba mwanamume yule alikuwa anamcheleweshea habari mbaya kwa namna pekee aliyoweza. "Wayaya, mama," alisema mwishowe.

"Basi wamekosea kunivisha. Mimi ni mama yake mama wa mtoto huyu."

Getini, mlinzi naye aliiangalia bangili, akamwangalia mwenye gauni la maua, akasema kwa adabu kwamba angojee. Mtu akatumwa. Kengele akaja akitembea haraka juu ya mchanga, miwani ya jua usoni, akamchukua mtoto mikononi mwa Mamkubwa. Akamgeukia mlinzi.

"Asante, ni wetu," akasema. Alimaanisha mtoto.

"Kengele, waambie hawa wamekosea."

"Nitakueleza baadaye, Mamkubwa. Watu wanatuangalia."

Akaondoka naye. Meza yao haikuwa mbali. Mamkubwa aliweza kuviona viti, na kimoja kilikuwa kitupu, kimewekewa mfuko wa nepi.

Dereva alikuwa hajaondoka. Alikuwa amegeuza kigari, anangoja, anajifanya anafuta kioo. Hakusema neno njia nzima ya kupanda, na Mamkubwa alimshukuru kwa hilo kuliko kwa kivuli.

Kengele aliporudi alimkuta amekaa kwenye kochi jeupe. Siku zote zile hakuwa amelikalia.

"Umekasirika."

"Sijakasirika. Nataka kuelewa."

"Si jambo kubwa, Mamkubwa. Hoteli ina sheria zake. Chumba kinapokea watu wazima wawili tu. Wa tatu haruhusiwi, ila awe msaidizi wa mtoto. Ningefanyaje? Ningekuacha nyumbani?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa kuja."

"Labda ningekuja. Lakini ningekuja nikijua nimeitwa kufanya nini. Gauni hili nisingelishona."

Kengele akamlaza mtoto kitandani, akavua miwani. Macho yake yalikuwa yale yale ya utotoni, yanayojaa maji kabla kosa halijatajwa. "Sikudhani utajali. Kweli tena! Wewe nyumbani hukuwahi kukaa mezani. Siku zote ulikuwa unatupakulia, halafu wewe unakula jikoni, umesimama. Mimi najua unapenda hivyo. Nilijua hata hapa ungependa kula kwa raha yako, bila watu."

Mamkubwa alimtazama mtoto huyu aliyemlea. Alitafuta kama anatania.

"Nilipenda?"

"Si ulikuwa unasema umeshashiba kwa harufu?"

"Sufuria ilikuwa ndogo, Kengele. Nilikuwa nangoja ushibe wewe kwanza, nijue kimebaki nini. Siku nyingine kilibaki ukoko, siku nyingine harufu. Nikaifanya mzaha ili usione haya kuomba tena. Kumbe wewe uliweka akilini kwamba mimi ni mtu asiyehitaji kiti."

Kengele akaikunja miwani. Halafu akasema neno baya, ingawa alilisema kwa upole. "Sasa nitajuaje, na hukuniambia?"

Na hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana liliuma. Mamkubwa aliliangalia kila upande, kama kitambaa kilichokatwa vibaya, na hakuona pa kulirekebisha. Mkono wake mwenyewe ndio ulioshika mkasi.

"Haya," alisema akiinuka. "Mimi ni yaya. Sawa. Lakini hakuna yaya asiye na siku yake ya mapumziko, hata mfungwa anayo. Yangu ni kesho."

"Mamkubwa, usianze. Kesho nina miadi ya nywele."

"Mtoto akikunyea mkononi huukati mkono. Mimi niliambiwa hivyo nilipoachiwa wewe. Leo nakuambia wewe. Kesho utakuwa naye."

Asubuhi alitoka kabla moyo haujamgeuka. Nyuma ya mlango alimsikia mtoto akianza kulia, kilio cha tumbo, na Kengele akiita, "Mamkubwa! Maamkubwa!" Miguu yake ilitaka kurudi. Aliishika kwa kushika ukuta. Mhudumu wa vyumba alimkuta hivyo kwenye ujia, akasukuma kando mkokoteni wake wa mashuka.

"Unaumwa, mama?"

"Leo ni siku yangu ya mapumziko."

"Ee! Na umesimama hapa unalinda ukuta?" Akatoa malapa yake kwenye mkokoteni, akampa, yeye akabaki na raba za kazini. "Shuka kwa ngazi zetu, upande wa dobi. Zinafika baharini pia. Bahari haijui rangi ya bangili."

Ngazi zilikuwa ndefu na zenye utelezi. Wafanyakazi waliopanda na vikapu walimpisha, kila mmoja alisema "taratibu, mama," na mpishi mmoja aliyekuwa anavuta sigara aliitupa ili amshike mkono mahali palipobomoka. Chini kulikuwa na kipande cha mchanga chenye mawe, kando ya bomba la maji machafu. Mamkubwa alikaa hapo kutwa. Alilowesha miguu. Walimgawia chakula kutoka nyuma ya dobi, na kweli kilikuwa kizuri. Lakini kila wimbi lilipovunjika alisikia kilio cha mtoto ndani yake, na ile bahari aliyokuja kuikalia na mwanawe hakuiona hasa. Alikuwa anatazama mlimani, anatafuta roshani ni ipi.

Alipanda jua likiwa limelegea. Mlango ulikuwa wazi, na mtoto halii. Hilo lilimshtua kuliko kilio.

Sebuleni alikaa mwanamke mwenye sare ya hoteli, mtu mzima, mwenye mikono ya kulea. Mtoto alikuwa amemlalia begani, mdomo wazi, usingizi umemchukua kabisa. Kengele alikuwa mbele ya kioo, nywele zimeshatengenezwa, anavaa hereni.

"Umerudi, Mamkubwa. Umefurahi?" Sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo. "Kumbe hoteli wana wayaya wao, ni kuwaambia tu. Wanajua kazi kweli. Kwa hiyo usijisumbue tena. Nimeagiza gari, kesho asubuhi dereva atakufikisha mpaka mlangoni kwako. Utapumzika vizuri zaidi kwako."

Mamkubwa alisimama na malapa ya watu mkononi, mchanga unamdondoka miguuni. Yaya yule alitaka kuinuka ampishe kiti.

"Shikamoo mama. Karibu, keti."

"Marahaba. Kaa tu mwanangu, utamwamsha."

"Wewe ndiye bibi yake?"

Mamkubwa alimtazama Kengele kwenye kioo, na Kengele akamwona anamtazama. Mkono wa Kengele ulisimama kwenye sikio.

"Ni mama yangu," alisema Kengele. "Yeye ndiye aliyenilea."

Lilitoka wazi, bila kukwama. Lilikuwa neno lenyewe, lile la zamani, nalo lilisemwa kwa mgeni, gari likiwa limeshaagizwa. Mamkubwa alilipokea kama mtu anavyopokea sahani aliyowekewa wenzake wakiwa wamekwisha kula na kunawa: huwezi kukitupa chakula, na huwezi kusema kina moto.

Akaingia kijichumbani kukunja gauni lake.

"Una bahati, dada," alimsikia yaya akisema kwa sauti ya chini. "Mama yako bado yupo."

"Ndiyo," alisema Kengele, akipapasa sikio. "Hebu nitazamie hapo chini ya kochi, hereni yangu moja imeanguka."