Randa ya Mzee Faki

Mume wangu Khatib ni seremala anayesifika hapa Mabawa, Tanga, na mpaka leo sijamwona akikata mbao ikakatika.

Simlaumu. Mambo yalikuja polepole, kama mbao mbichi inavyopinda juani. Huoni ilianza lini, unakuta tu imeshapinda.

Dirisha la chumba chetu linatazama karakana ya Mzee Ernesti, Msambaa mmoja Mlutheri, mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache ni ya kufukuza watu. Nilipokuwa mgeni mjini, nimetoka kuolewa kutoka Maramba, nilikuwa nikichambua mchele pale dirishani huku namtazama. Mchele wa watu wawili hauhitaji asubuhi nzima, lakini wangu ulihitaji. Siku moja akasema bila kugeuka, "Wewe binti, huo mchele sasa utakuwa unga. Njoo ushike mbao huku."

Nikaenda nikashika. Nilishika mpaka akachoka kuniona nimeshika tu, akanipa msumeno. Baadaye patasi. Aliponunua mashine ya umeme alinitupia gunia la vyombo vyake vya mkono: misumeno, patasi, nyundo, kinoo, na randa ya chuma ya kulainishia mbao, yenye ufa.

"Chukua," akasema. "Ukichoka navyo pasulia kuni."

Sikuchoka. Khatib akishaondoka kwenda sokoni Ngamiani, kwenye meza yake ya vifuniko vya simu, mimi nasuka nywele zangu, nainjika maharage, nakwenda chini ya banda la makuti huko uani. Kigoda changu cha kwanza kilicheza kama kimepandwa pepo. Nikapunguza mguu mmoja, kikacheza upande wa pili. Nikapunguza na huo. Mwisho wa kupunguza kikawa kibao cha kukatia mboga, na mpaka leo kipo, kibao kizuri sana.

Jirani yangu Mama Loveness, anayekaanga vitumbua uani kwetu, hakunielewa kabisa.

"Unauza?"

"Siuzi."

"Umeagizwa?"

"Sijaagizwa."

"Sasa?"

"Napenda tu."

Aligeuza kitumbua chake, akanitazama. "Mwenzangu, mwanamke akipenda, anapenda vitenge. Wewe unapenda miti? Basi ngoja nikuombee."

Akaniombea kweli. Lakini nilipomtengenezea ubao wa kuwekea karai lake lisiyumbe, aliacha kuomba. Basi wanawake wa uani wote walijua. Wanaume wa barazani hakuna aliyejua, maana uani wao huja kuchukua chai tu.

Kisha nikatengeneza kiti. Mbao za mtiki, kikalio nimekisuka kwa kamba ya katani, na kila ulimi umeingia tunduni mwake bila msumari. Khatib akakipenda, akakibeba mpaka barazani, akakikalia mbele ya wenzake. Rafiki yake Shaib akakizunguka kiti kile kama anayenunua ng'ombe.

"Khatib, kazi ya nani hii?"

Khatib akacheka.

"Aa! Usiniambie. Ni wewe! Damu ya Mzee Faki hiyo, itakwenda wapi?"

Mzee Faki ni baba yake Khatib, Mungu amrehemu, seremala aliyejulikana Wete yote, kule Pemba. Khatib akacheka tena. Kucheka mara mbili si kusema uongo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika mkononi nikisubiri aseme neno, na yeye akawa anakoroga chai ambayo sukari ilikwisha kuyeyuka zamani.

Kesho yake akaweka picha kwenye simu watu waione: amesimama, mkono umeegemea kiti, na chini ameandika, "Kazi ya mikono." Mikono ya nani, hakuandika.

Picha ikavuka bahari. Jioni ile ile mama yake, Bi Mwanamwema, akatuma sauti kutoka Pemba, analia mpaka maneno hayashikiki.

"Khatib mwanangu! Nimezaa wanaume, wote mikono yao ya kushikia simu. Baba'ko kafa ananiuliza, Mwanamwema, randa yangu utamwachia nani? Sikuwa na jibu mie. Nimekaa nayo uvunguni miaka yote. Kumbe mwenyewe yuko Tanga! Nakuja nayo, mwanangu. Naileta kwa mkono wangu."

Habari za randa ile nilikuwa nazijua. Khatib mwenyewe alishanisimulia: mwili wa mti wa mfenesi, kisu cha chuma cha kizamani, ikipita juu ya mbao inatoa sauti kama mtu anayechana hariri. Yangu yenye ufa ilikuwa inatetemeka na kuacha alama kama meno ya panya. Niliitaka randa ile. Sijawahi kuitaka pete hivyo, wala kitanda, wala friji.

Khatib naye alikuwa na lake. Hakutaka randa, alitaka yale machozi ya mama yake.

"Nitamwambiaje, Rahila?"

"Mwambie."

"Ameshalia."

"Mwambie akimaliza kulia."

"Akifika nitamwambia. Uso kwa uso ni heshima zaidi."

Akafika. Mimi niliinama nikasema shikamoo, nikaubusu mkono wake. Akasema marahaba, lakini mkono wangu hakuuachia. Kidole gumba chake kikapita taratibu kwenye kiganja changu, penye sugu, kikarudi, kikapita tena.

"Mkaza mwanangu," akasema, "maji ya huku Tanga magumu?"

"Kidogo, mama."

"Ehee."

Kisha akamshika mwanawe. Akavigeuza viganja vyake juu, akavigeuza chini. "Laini, mashaallah."

"Napaka mafuta ya nazi, mama," akasema Khatib. "Fundi lazima utunze mikono."

"Ehee," akasema tena Bi Mwanamwema, akaomba maji ya kunywa.

Uso kwa uso ndio huo ukawa umepita.

Randa alikuja nayo imefungwa kwenye kanga, mafundo juu ya mafundo, akailaza chini ya mto wake. Hakuna aliyeonyeshwa. "Hii siku ya kuondoka," akasema. "Kwanza nimwone fundi wangu akifanya kazi. Nataka mbuzi ya kukunia nazi. Nazi za kusaga kwa mashine hazina ladha, zimekaa kama maji ya chaki. Mie nitatandika mkeka huko uani, nisikilize tu randa ikilia, nikumbuke mume wangu."

Siku ya kwanza Khatib aliumwa mgongo. Siku ya pili alisema, "Leo haiwezekani mama, umeme umekatika."

Bi Mwanamwema akauokota msumeno wangu, akaukagua huku na huku. "Huu unachomekwa wapi, baba?"

Mama Loveness akainamia karai lake, mabega yakimtetemeka.

Ikabidi. Khatib akaja chini ya banda amevaa kofia ya kito na peni sikioni, kama alivyowaona mafundi. Mimi nikapewa kazi ya kumshikia mbao. Tulikubaliana nikimkanyaga mguu wa kulia asukume, wa kushoto aache. Akasukuma. Akasukuma kinyume cha nyuzi za mbao, randa yangu ya ufa ikakwama, akaongeza nguvu, ikang'oka na pande zima. Nikamkanyaga mguu wa kushoto. Akasema, "Rahila, unanikanyaga!"

Bi Mwanamwema akajiinua mkekani, akalitazama lile pande.

"Mama," Khatib akasema, jasho linamtiririka, "baba naye alipoanza si alikuwa hivi hivi?"

"Baba'ko sikumkuta akianza. Nilimkuta anajua."

Hapo ikaadhiniwa adhuhuri. Tangu tuoane sijamwona mume wangu akiitikia adhana kwa mbio kama siku ile. Viatu alivalia njiani.

Bi Mwanamwema akajinyoosha, akajifunika mtandio usoni. "Nimelala mie."

Nikangoja kidogo. Kile kipande cha mbao kilikuwa kinanisikitisha, kimechubuka kama goti. Nikaigeuza mbao, nikaweka randa upande unaofaa, nikasukuma. Maranda yakaanza kutoka kwenye mbao, si membamba sana kwa ule ufa, lakini yakatoka.

"Ukifika mwisho wa mbao, uzito uhamie mkono wa nyuma," ikasema sauti chini ya mtandio. "Hapo mwisho unaila mbao, unaipunguza kuliko katikati."

Nikasimama kama nimemwagiwa maji.

"Nimelala nimekwambia. Endelea."

Nikaendelea. Mwisho wa mbao nikahamisha uzito mkono wa nyuma. Kweli, nilikuwa naila.

Khatib aliporudi akakuta mbao imenyooka inang'aa. Akaipapasa, akanitazama, akamtazama mama yake, akajikaza. "Kumbe nilikuwa nimeshaikaribia," akasema.

Bi Mwanamwema akaamka akipiga miayo. "Una mkono mwema, mwanangu. Hasa ukiwa haupo hapa."

"Naam?"

"Nasema nenda kale."

Basi mbuzi ile ilijengwa kwa adhana. Kila muadhini akipaza sauti, Khatib mbio, mama analala, mimi nafanya. Alasiri nilichonga miguu, kesho yake adhuhuri nikatoboa tundu la chuma. Usingizini mama mkwe wangu alikuwa na maneno mengi: kaza kabari, nyosha kiwiko, usiharakishe, mti haukudai. Msikitini nako sifa zikaenea kwamba Khatib ametengenea, anasali safu ya mbele. Mbuzi ilipokwisha, Bi Mwanamwema akaikalia, akakuna nazi nzima, akasema haijayumba hata chembe.

"Leo mwambie," nikamwambia Khatib usiku wa kuamkia safari. Sikuwahi kumwomba hivyo. "Kabla hajakupa randa. Ukishaipokea itakuwa umemchukulia marehemu."

Akanishika mkono. "Kesho, mbele ya watu wote. Nakuapia, Rahila."

Nikamwamini. Asubuhi nikapika wali na mchuzi wa kuku wa nazi, nazi ya mbuzi yangu. Wanaume wakajaa barazani, sisi wanawake tukakaa mlangoni nyuma ya pazia. Bi Mwanamwema akaleta lile furushi, akafungua mafundo moja moja. Randa ikatoka. Mwili umeiva kwa mafuta ya mikono, kabari imebanwa mahali pake, mpini umeliwa pale kidole cha mtu kilipokaa maisha yake yote. Nilisahau kupumua.

"Ya Faki," akasema mama. "Namkabidhi mwanawe mbele yenu."

Wakasema mashaallah. Khatib akasimama, akaipokea kwa mikono miwili. Machozi yakamlenga, na yalikuwa ya kweli. Akafungua kinywa. Akafunga. Akatazama pazia.

"Sema, fundi!" Shaib akapaza sauti.

"Ndugu zangu," akasema Khatib, "kazi hii siifanyi peke yangu. Yupo mtu ambaye bila yeye nisingeweza kitu." Mama Loveness akanibana paja. "Mke wangu Rahila. Yeye ndiye," akameza mate, "ndiye anayenishikia mbao."

Wakampigia makofi. Mwanaume anayemkumbuka mkewe hadharani, wakasema, wako wangapi?

Mimi nikarudi uani kupakua wali.

Huko nilimwaga mchuzi nje ya bakuli, nikafuta, nikamwaga tena. Bi Mwanamwema akaingia kuniaga, na buibui lake lile la barazani. Nikainama nikaushika mkono wake niubusu. Ulikuwa na kitu. Kizito, baridi, kimeviringishwa kitambaa. Akanifumbatisha vidole vyangu juu yake.

Nikafunua pembeni. Kisu cha randa. Kipana, cheusi, makali yake yamenolewa mpaka unaona mwanga.

"Nilikitoa juzi," akasema, "kisije kikamkata mtu."

"Mama, randa bila kisu..."

"Gogo. Najua. Nimelala na seremala miaka mingi kuliko umri wako." Akashusha sauti. "Nilingoja aseme. Mpaka pale barazani nilikuwa nangoja, kisu kiko ndani ya mkono wa buibui. Angesema tu, ningekirudisha na ningewapa wote wawili mbele ya watu. Hakusema. Sasa nimuumbue mwanangu barazani nirudi Pemba na uso gani? Kapewa cha barazani, kitamtosha." Akanipapasa kiganja, pale pale penye sugu. "Miili ya randa Faki alibadilisha kila ilipopasuka. Kisu hakubadilisha. Mti wa mfenesi utaupata?"

"Nitautafuta, mama."

"Utafute mkavu. Na mafuta ya nazi usipake."

Akaondoka. Nilipomwona tena kwa nyuma alikuwa ameibeba mbuzi kichwani, hakutaka mtu amsaidie.

Randa ya barazani Khatib aliiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni na chupa ya chai isiyotumika. Kila mgeni anaonyeshwa. "Ya marehemu baba. Ndiyo hii ninayofanyia kazi." Wanaishika, wanatikisa kichwa, wanairudisha. Hakuna aliyewahi kuigeuza akachungulia tumbo. Khatib mwenyewe hakuchungulia. Maagizo ya watu anapokea yeye, kazi naifanya mimi uani.

Mfenesi niliupata kwa Mzee Ernesti, kipande kilichokaa juu ya dari yake miaka. "Wa nini?" akauliza. Nikamwonyesha kisu. Akakitazama muda mrefu, akazima mashine yake ya umeme, akasema, "Leta hapa nikuonyeshe pembe ya kukilaza," na siku hiyo hakumfukuza mtu. Mwili wa kwanza niliupasua. Wa pili ndio ninao.

Wiki iliyopita Shaib alikuja kuagiza kitanda cha binti yake anayeolewa. Safari hii hakutaka kuondoka. "Nataka nione kidogo tu, Khatib. Nione ile randa ya mzee ikifanya kazi."

Nilikuwa uani nalainisha ubao, maranda yamenifika vifundoni, membamba mpaka upepo unayachukua. Nikasimamisha mkono nisikilize. Sebuleni nikasikia mlango wa kabati la vioo ukifunguliwa. Nikasikia ubao ukiwekwa mezani. Adhana ilikuwa bado sana.

Kisha nikasikia randa ikiteleza, huu, huu, bila kukwama popote, na mume wangu akicheka kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza mti umemtii.

"Unaona, Shaib? Unaona inavyokwenda?"

"Mashaallah," akasema Shaib. "Hiki ndicho chombo cha wazee. Hata maranda haitoi!"