Chai ya Kumezea Vidonge

Foleni ya vidonge ilikuwa ikisogea kuelekea kwenye pipa la chai, na Karmi alikuwa anasinzia wima. Mbele yake wanawake wa ukumbi wa pili walinyoosha viganja, kila mmoja akapewa kidonge chekundu cha kuongeza damu, akakingiwa chai, akameza, kisha akafungua mdomo kuonyesha kwamba hakuficha kitu chini ya ulimi. Kampuni ilijivunia sana mpango huo. Picha yake ilikuwa imebandikwa langoni, wanawake wametabasamu na bilauri zao mkononi.

Karmi alikuwa na vidonge viwili. Kimoja ni kile chekundu cha wote. Cha pili kilikuwa kidogo, cheupe, dawa ya tezi ya shingo aliyoandikiwa kituo cha afya miezi mitatu iliyopita. Nesi Pertiwi wa kiwandani ndiye aliyemwamuru akilete kazini asije akakisahau nyumbani. Siku ya kwanza alimwambia avimeze vyote pamoja yaishe, akamjazia chai kwa mkono wake mwenyewe, chai nzito yenye harufu ya asmini na sukari ya kukwaruza meno. Mgonjwa haulizwi uji. Tangu siku hiyo Karmi alimeza, akafungua mdomo, nesi akatazama na kuitikia kwa kichwa, akapita mwingine.

Leo pia alimeza, akaenda kukaa mahali pake.

Mezani walikuwa wawili wawili. Karmi alikuwa msokotaji: tumbaku na karafuu kwenye karatasi, mvuto mmoja wa mpini wa mbao, sigara imetoka. Tarwiyah, aliyekaa kulia kwake, alikuwa mkataji: mkasi mdogo, ncha hii, ncha ile, sigara kwenye fungu. Walilipwa kwa kila elfu, na malipo yalikuwa ya wote wawili. Msokotaji akichelewa, mkataji hukaa na mkasi wake kama mtu aliyealikwa karamu isiyo na chakula.

Zamani Karmi alisokota bila kutazama, huku akipiga soga na meza tatu. Sasa vidole vilimvimba hadi pete ikakataa kutoka. Sauti ilikwaruza. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ukumbini watu walijipepea kwa vipande vya maboksi, yeye alivaa sweta. Mtaani kwao walisema upepo umemwingia, maana huko kila kisichojulikana ni upepo, na kila Jumapili Tarwiyah alimlaza kifudifudi akampaka mafuta na kumkwangua mgongo kwa sarafu hadi ukajaa mistari myekundu. Joto lilikuja, likakaa jioni moja, likaondoka.

"Yu, leo usilale," Tarwiyah alimwambia kwa sauti ya chini. Alimwita Yu, kama anavyoitwa dada mkubwa, ingawa hawakuzaliwa nyumba moja. "Bu Wiwik anatutazama."

"Silali."

"Umefumba macho, Yu."

"Yanapumzika."

Bu Wiwik, yaani Mama Wiwik kwa heshima ya huko, nyapara wa ukumbi, alikuwa amekwisha kutoa kauli yake wiki iliyopita. Karmi apimwe damu tena. Majibu yakionyesha nafuu, atabaki na meza yake. Yasipoonyesha, ataiachia. Mwanamke wa umri wake asiye na meza hakuna kiwanda kingine mjini kitakachompokea, na hilo halikuhitaji kusemwa.

Tarwiyah alisema, bila kuacha kukata, kwamba jana aliitwa na nyapara. Kuna binti mpya ana mikono ya umeme na hana mkataji.

"Nimekataa," alisema.

"Ungekubali."

Karmi alilisema hilo kama mtu anayesoma bango la barabarani. Alijua lilipaswa kumuuma. Aliyatafuta maumivu hayo kifuani, hakuyakuta, akavuta karatasi nyingine. Tarwiyah alikuwa na mtoto mdogo na mume aliyekwenda kujenga maghorofa ng'ambo na kunyamaza huko. Kila mapumziko ya mchana Tarwiyah alikalia kiti cha Karmi akasokota mwenyewe ili fungu lifike, halafu akala wali wake wa baridi kwa haraka. Hakuwahi kulitaja, na Karmi hakuwahi kumshukuru. Hata shukrani ilihitaji nguvu.

Mchana aliomba ruhusa, akapanda bodaboda hadi kituo cha afya. Majibu yalikuwa tayari. Aliyatazama akiwa kwenye benchi la kusubiri, akaona namba ya kwanza ni kubwa mno, ina nyota pembeni, na ya chini ni ndogo mno, nayo ina nyota. Akajiambia kwamba kubwa ndiyo nzuri. Shuleni ilikuwa hivyo.

Daktari Hanif alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyeona wagonjwa wengi tangu asubuhi na bado nusu ya foleni iko nje. Alimsikiliza mgongo, akaona mistari.

"Upepo tena, Bu?"

Karmi aliuliza kama ile namba kubwa si dalili nzuri.

"Hapana. Hiyo si tezi yenyewe, huo ni ubongo unaiita tezi iamke. Tezi ikizidi kulala, ubongo unazidi kupiga kelele. Namba ikipanda, maana yake tezi imelala fofofo." Akateremsha kidole. "Na hii ndogo ni ghala lako la madini ya chuma. Tupu. Mwili hauna cha kujengea damu. Ukijumlisha hayo mawili, ndiyo maana unasinzia, ndiyo maana unasikia baridi."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza. Karmi aliona ni maneno mepesi kabisa, yangeweza kusemwa siku ya kwanza.

"Lakini ni karibu sawa na za miezi mitatu nyuma," daktari alisema. "Dawa humezi."

"Nameza, Daktari. Kila siku. Nesi ananikagua mdomo."

Alimtazama kidogo kama asiyemwamini, akaongeza kipimo cha dawa, akaita jina linalofuata.

Dirisha la dawa lilikuwa la Bu Ningrum, na foleni yake ilinung'unika daima kwa sababu alimuuliza kila mtu maswali. Alitazama cheti, akamtazama Karmi, akauliza vidonge anavimezea nini.

"Chai."

"Vyote viwili?"

"Pamoja. Asubuhi, kazini."

Bu Ningrum aliweka vifuko chini. Nyuma ya Karmi mtu alikohoa ili afupishiwe.

"Sikiliza, Bu. Chuma cha kidonge chekundu kikikutana na dawa ya tezi tumboni, kinaishika, haipiti. Chai nayo inakishika chuma. Miezi mitatu unameza na hujameza."

Akamwelekeza polepole. Cheupe alfajiri, kwa maji matupu, tumbo tupu, na asile wala kunywa kingine kwa nusu saa au zaidi. Chekundu jioni, kwa maji pia. Kati ya kimoja na kingine yapite masaa manne au zaidi. Chai akae nayo mbali, anywe saa nyingine kabisa.

Karmi aliuliza usingizi ule utamtoka lini.

"Zipe dawa wiki sita, nane. Tezi itakuwa imepata msaidizi, usingizi utapungua. Chuma kitachukua muda zaidi."

Aliomba aandikiwe maneno hayo ayapeleke kiwandani. Bu Ningrum alisema hana ruhusa ya kuwaandikia waajiri, anayeandika ni daktari. Karmi alirudi kwenye mlango wa daktari, akaambiwa ameingia kikaoni na hatatoka leo. Akasimama kwenye korido, akijitafuta kama ana kilio au kicheko. Alikuta hasira, ndogo, ukubwa wa punje ya mchele. Aliishika vizuri, kwa sababu hakuwa amehisi kitu kwa muda mrefu.

Alirudi kiwandani, akaingia ofisini kwa Bu Wiwik, penye dirisha la kioo linalotazama ukumbi. Nesi Pertiwi alikuwepo pia. Mezani kulikuwa na karatasi, kalamu, na bilauri tatu za chai zenye vifuniko, kama inavyompasa mgeni.

Karmi alieleza yote jinsi alivyoelezwa, chuma, tezi, chai. Sauti yake iliyokwaruza ilifanya ionekane anaomba, ingawa alikuwa anasema tu. Nesi alitazama kucha zake. Alisema chai ndiyo iliyoagizwa na ofisi kuu, kwa kuwa wanawake hawapendi ladha ya kidonge.

"Bu Karmi," nyapara alisema, naye hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa tu na wakubwa wake. "Mpango ule umepewa tuzo. Niiandikie ofisi kuu kwamba tatizo ni chai?"

"Naomba miezi miwili tu, Bu."

"Ukumbi hauna miezi miwili."

Akamsogezea karatasi. Ilisema kwamba yeye, kwa jina lake kamili Sukarmi, anaiachia meza kwa hiari yake, kwa kuwa mwili wake umeshindwa kuitikia dawa aliyopewa na kampuni kila siku. Karmi aliisoma taratibu. Kisha akatazama kiooni. Binti mpya alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake, na mikono yake kweli ilikuwa ya umeme. Tarwiyah alikuwa anakata bila kuinua kichwa. Mkasi ulikwenda kama zamani. Karmi alifurahi kwa ajili yake, na furaha ile ilimuuma kuliko karatasi.

"Kunywa kwanza, itapoa," Bu Wiwik alisema. "Halafu utie saini."

Katika mji ule chai ya mwenyeji haiachwi. Hata aliyeshiba, hata aliyekuja kugombana, hugusisha midomo. Karmi alifunua bilauri, akanusa asmini, akarudisha kifuniko. Kwa mikono miwili, kwa adabu yote aliyofunzwa na mama yake, aliisogeza hadi mbele ya nesi.

"Inywe wewe, Nesi. Ukimaliza ufungue mdomo nikutazame."

Karmi aliiacha kalamu ilipokuwa, akatoka.

Hakwenda nyumbani. Saa za kazi zilikuwa hazijaisha na hakuwa ametia saini popote. Alikaa mwisho wa benchi, kando ya Tarwiyah upande wa pili, mbele ya kibao kibovu cha kusokotea kilichoachwa bila mtu, akavuta tumbaku na karatasi. Vidole vilichukua muda wao. Sigara ilipotoka ilikuwa imekaza vizuri, sawasawa, ndevu za tumbaku zikining'inia ncha zote mbili, kwa kuwa hakuwa na mkataji.

Tarwiyah hakumtazama, maana nyapara alikuwa amesimama kwenye kioo. Alinyoosha mkono tu, akaichukua, akaikata ncha hii na ncha ile, akaiweka kwenye fungu la yule binti.

Karmi akavuta karatasi nyingine.