Kompyuta Iliyonyamazishwa

Mwalimu Sperancia aliwasha kompyuta yake ofisini, akatega sikio. Kimya. Akabonyeza vitufe vya kuongeza sauti. Kimya kile kile.

Kwa mwalimu mwingine lingekuwa jambo dogo. Lakini Sperancia hakuwa akiona tangu utotoni. Kila barua na kila swali la mtihani alilisoma kwa masikio, maana kulikuwa na programu iliyomtamkia yote yaliyokuwa kwenye kioo. Kompyuta isiyosema, kwake, ilikuwa ubao uliofutwa. Na mtihani wa historia wa kidato cha tatu ulitakiwa kesho yake.

Juzi yake alikuwa ameipeleka Omurushaka kwa fundi Projestus, akaze tundu la chaji lililolegea. Tundu tu, basi. Akampigia simu.

"Ah, mwalimu, nilikusaidia," fundi akasema. "Nilikuta madraiva yamezeeka, nikayasasisha yote kwa mpigo."

"Nani alikutuma?"

"Basi ilete niione."

Akapanda gari pale Nyaishozi, alikofundisha, pamoja na Auleria, mwalimu mwenzake wa hesabu. Dukani Projestus aliwaamkia vizuri, akaipokea mashine, akabonyezabonyeza. Kisha akamgeukia Auleria.

"Mwambie mama kadi ya sauti imekufa. Atafute mashine nyingine. Ila kama ni kuandika tu, hii bado inafaa. Sauti si lazima."

Sperancia akamkatiza.

"Projestus, yasiyofanya kazi ni macho. Kiswahili nakisikia. Sema na mimi."

"Samahani, mama."

"Nilipokuletea ilikuwa inasema. Imekufa kwa ugonjwa gani, kwa siku mbili?"

"Vitu vya umeme, mama, hufa tu."

"Draiva ya sauti umeiangalia?"

Fundi akacheka kidogo. "Hayo ni mambo ya kitaalamu."

Kicheko kile ndicho kilichomtoa Sperancia kwenye subira. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameitumia kompyuta kwa vidole na masikio. Alijua kuwa draiva ndiyo inayoiwezesha mashine kuelewana na kifaa chake, na kwamba ukiweka isiyo yake, kifaa kizima huwa bubu. Akaivuta kompyuta upande wake, vidole vikaenda kwenye vitufe bila kupapasa.

"Auleria, nisomee. Orodha ya vifaa imefunguka?"

"Imefunguka."

"Shuka mpaka vifaa vya sauti. Kuna alama?"

"Ya njano, yenye mshangao. Na draiva yenyewe ina tarehe ya juzi."

"Juzi!" Sperancia akarudia, ili duka zima lisikie. "Kuna kitufe cha kurudisha draiva ya zamani. Kinabonyezeka?"

"Kinabonyezeka. Nimebonyeza. Sasa inauliza sababu."

"Chagua yoyote. Sababu yenyewe imesimama hapo mbele yako."

Wakaizima, wakaiwasha. Wakangoja. Mara ile sauti kavu, yenye haraka, ikatamka jina la Sperancia. Hakutabasamu. Dakika nne! Kwa kazi ya dakika nne mtu huyu alitaka kumzikia mashine yake. Wangapi walishaambiwa hivyo, wakaamini, wakarudi nyumbani?

"Hata mimi, mama, nilikuwa nakaribia kujaribu hiyo," Projestus akasema.

"Hukuwa unakaribia. Ulishatangaza msiba."

Kwenye benchi, mzee Polikarpi, katibu wa kigango cha kanisa, alikuwa amepakata printa. Akakohoa.

"Waitu, mwalimu wetu, na hii printa ya kigango ameniambia imekufa."

"Shikamoo, mzee. Ilianza lini kukataa?"

"Marahaba. Tangu alipotuwekea upya programu za kompyuta."

Sperancia akageuza uso kule alikosikia pumzi za fundi. "Iwekee draiva yake. Sasa hivi, tukiwa hapa hapa."

Projestus hakubisha. Akachukua waya, akaanza kazi. Sperancia naye akaketi kando ya mzee, akafungua mtihani wake na kupandisha sauti mpaka mwisho, akawa anaandika huku kompyuta ikimsomea maswali mbele ya wateja wote. Kabla hajalimaliza swali la tatu, printa ilinguruma ikatoa karatasi.

"Mawe! Mama yangu!" mzee Polikarpi akasema, akaishika kwa mikono miwili.

Sperancia hakumshukuru fundi. Aliendelea na swali la nne.