Waliogeuka Nyuma Barabara ya Mfereji

Hakuna hata punje ya uongo katika habari hii. Ni kweli tupu, kweli iliyofuliwa ikaanikwa juani, na anayetaka kiapo apewe kiapo: haki ya Mungu, na haki ya goti la kushoto la Evaristo Ledesma, ambalo madaktari watatu wamelipiga picha na hakuna aliyethubutu kulitia kisu. Asiyesadiki na aje San Telmo, ashuke stesheni, aulize.

Evaristo huyu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kusindika nyanya, miaka thelathini na minne. Alipostaafu alibaki na vitu viwili, pensheni na mdomo. Pensheni ilikuwa ndogo.

Aliyeubeba mzigo wa mdomo ule ni jirani yake, Verlene Battiste, mjane, zamani mpishi wa shule. Miguu yake ilikuwa imekwisha kumgomea, naye alikwenda kwa kiti cha magurudumu. Kila asubuhi Evaristo alivuka ua na vikombe viwili vya kahawa, akaketi barazani kwake, akamtolea uongo wa siku. Siku lori la nyanya lilipopinduka pale kwenye kona, alimwambia kwamba rojo lilifika magotini, na kwamba kwa macho yake alimwona paka akipiga makasia juu ya kifuniko cha sufuria.

"Paka wa rangi gani?" akauliza Verlene.

"Mwekundu."

"Kabla ya ajali au baada?"

Mtu wa kukuuliza swali kama hilo haokotwi njiani. Evaristo alilijua hilo, ndiyo maana moyo ulimwenda mbio siku Verlene alipoweka kikombe chini bila kunywa, akasema, "Terrell amenitayarishia chumba huko Reno."

Terrell ni mwanawe. Mtoto mwema, ubaya wake ni kukaa mbali.

"Reno kuna nini?"

"Kuna mtu wa kunipeleka kliniki. Hapa niende na nani? Stesheni ile pale, naiona, nasikia hata wanavyotangaza treni. Lakini kuifikia ni kama kwenda mwezini."

Alisema kweli. Kati ya baraza yake na stesheni palikuwa na Barabara ya Mfereji, njia sita za magari, bila kivuko, bila taa, malori ya nyanya yakipita mawili mawili kama nyati waliokurupushwa. Aliyetaka usalama azunguke hadi darajani, karibu maili moja na nusu, na njia ya waenda kwa miguu ilikatikia mbele ya duka la matairi. Kutoka hapo kiti cha magurudumu kiliingia barabarani pamoja na malori.

Wakati huohuo manispaa ilikuwa ikiandika maombi kwa serikali ya jimbo. Ilitaka pesa za kujenga nyumba themanini za kodi nafuu kwenye uwanja wa zamani wa kuegesha magari, ubavuni mwa stesheni, na kuitengeneza Barabara ya Mfereji: kivuko chenye taa, njia pana ya miguu, na miti ya kivuli. Watu wa mtaa ule wangefikiriwa kwanza.

"Nimemwambia Terrell hivi," Verlene akasema. "Pesa zikija, nitangoja hata miaka mitatu wajenge. Zisipokuja, Januari nafunga mizigo."

Ilikuwa mwezi wa nane.

Jimbo halitoi pesa kwa sura nzuri. Lilitaka kujua ni watu wangapi huvuka barabara ile kwa miguu kwenda kwenye treni. Kwa hiyo Harpreet Gill, binti wa idara ya barabara, aliwaita watu wa kujitolea pale maktaba, na wa kwanza kuinua mkono alikuwa Evaristo. Akapewa kizibao cha rangi ya chungwa, kiti cha kukunja, fomu, na kihesabio kidogo cha kubofya kwa dole gumba.

"Kila anayevuka, unabofya mara moja," Harpreet akamwambia. "Mara moja tu, mzee."

"Kwani nina sura ya mtu wa kubofya mara mbili?"

Harpreet alimtazama kidogo. "Unayo," akasema.

Jumanne, saa moja asubuhi hadi saa tatu, Evaristo alikaa ukingoni mwa barabara. Alivuka kijana mmoja, mbio, mkoba umeng'atwa menoni. Wakavuka wapakaji rangi wawili wakiwa wamebeba ngazi, mbele mmoja nyuma mmoja, wakitukanwa kwa honi. Saa mbili na nusu hesabu ilikuwa saba. Saa tatu ilikuwa tisa.

Tisa! Evaristo aliitazama namba ile. Akainua macho, akaona baraza ya Verlene, akaiona Januari inakuja na mabegi yake. Dole gumba likaanza kazi lenyewe. Lilimhesabu mbwa. Likawahesabu abiria wa basi lililopita, kwa hoja kwamba nao wana miguu. Likamhesabu Evaristo mwenyewe, na kwa kuwa ni mnene, mara kadhaa. Lilipotulia, kihesabio kilisoma mia nne na kumi na mbili.

Akaiandika kwenye fomu, akaipeleka, akarudi nyumbani kifua mbele.

Lakini chakula cha mchana hakikushuka. Evaristo alikuwa ametia chumvi maisha yake yote, ila si kwenye karatasi ya serikali. Dhamiri ikamshika. Kesho yake, bila kusukumwa na mtu, alivaa shati la kanisani, akaenda kwa miguu yake hadi ofisini kwa Harpreet, akasimama mbele ya meza.

"Binti, dole gumba langu limetenda dhambi."

"Najua, mzee. Treni yenyewe ya asubuhi inabeba watu mia tatu."

"Wengine walikuwa wakishuka na kupanda tena."

"Mzee."

"Walikuwa tisa."

Harpreet akaketi kitako. Jimbo likikuta namba moja ya kutunga, alieleza, faili lote linatupwa, nyumba themanini na miti na kila kitu. Akaichana fomu ile vipande vinne mbele yake. Ilibaki siku moja ya kuhesabu, Alhamisi.

"Lakini tisa hawatoshi," Evaristo akasema.

"Hawatoshi. Barabara ikiwa mbaya watu hawavuki, na wasipovuka jimbo linauliza mnataka kivuko cha nini. Nimepiga kelele kuhusu jambo hilo mpaka nimechoka."

Hapo ndipo akili ya Evaristo, iliyonolewa na miaka ya mashine, ilipowaka kama taa ya kanisa. Akajipiga kofi la paji la uso. "Binti! Tunahesabu watu wasio wenyewe! Tuwahesabu waliofika ukingoni, wakatazama, wakageuka nyuma!"

Harpreet akachukua rula na kalamu, akachora safu ya pili kwenye fomu.

Alhamisi Evaristo alibofya kwa uaminifu ambao haujapata kuonekana katika ukoo wa akina Ledesma. Waliovuka walikuwa kumi na mmoja. Waliogeuka nyuma aliwaandika mmoja mmoja kwa mkono wake. Mama na kigari cha mtoto, alishusha gurudumu moja, akalipandisha, akaenda zake. Mzee wa fimbo, alingoja dakika kumi na nne. Msichana mwenye sare ya hospitali, alitazama saa, akapiga simu aombe gari. Wanawake wawili na vifurushi vya nguo za kufua. Na saa mbili kasoro, Verlene Battiste, aliyekisogeza kiti chake hadi ukingoni kabisa, akayaacha malori yampulizie vumbi usoni, akageuza. Jumla yao themanini na saba.

Karatasi ile iliingia kwenye faili jinsi ilivyo, na alama ya kikombe cha kahawa pembeni. Kabla Januari haijaisha barua ilikuja: jimbo limekubali, pesa zote, nyumba na barabara.

Miaka mitatu ya tingatinga na vumbi, nayo ikapita. Na hapa msimulizi hana haja ya kuongeza kitu, maana yaliyotokea yanatosha. Siku taa za kivuko zilipowashwa, Verlene alibonyeza kitufe, na lori la nyanya, lenye matela mawili, likasimama. Likasimama! Dereva akampungia mkono. Evaristo alivua kofia kwa dereva yule, akaivua kwa mafundi waliomwaga saruji ya ukingo ikawa tambarare kama meza, akabaki kichwa wazi kwa sababu watu wa kuwashukuru hawakwisha. Leo Verlene anakaa ghorofa ya tatu na Evaristo ya pili. Jumatatu Verlene anakwenda kliniki peke yake, Jumatano kwa dada yake, na Jumapili kanisani, ambako anamwombea Evaristo kwa jina. Yote haya kwa sababu ya mtu mmoja mnyofu aliyejipiga kofi la paji la uso.

Evaristo akafika hapo, akakunja karatasi, akangoja makofi.

Maana haya yote alikuwa akiyasoma kwa sauti, ameyaandika mwenyewe, katika ukumbi wa chini wa jengo lao, siku wapangaji walipoadhimisha mwaka wa kwanza. Watu kama sitini walikuwapo, na keki, na Harpreet Gill mgeni wa heshima kwenye safu ya mbele, leso mdomoni, mabega yakimtikisika.

Makofi yalianza. Verlene akainua mkono, yakakatika.

"Nina swali kwa mwandishi."

"Uliza, mama," Evaristo akasema, kwa sauti iliyokwisha kupungua.

"Nani alihesabu kutoka barazani kwake, akaona tisa?"

"Palikuwa na... mtu barazani."

"Nani alikukuta na fomu, akakwambia Evaristo, ukinidanganya mimi ni mchezo, ukiwadanganya hawa utaninyang'anya nyumba?"

"Dhamiri ina sauti nyingi."

"Dhamiri yako ilikuwa imevaa kilemba cha bluu na imekushika mkanda wa suruali! Na kule ofisini ulikwenda kwa miguu yako?"

"Nilisindikizwa," Evaristo akakiri. Ukumbi ukaangua kicheko. "Ulimpigia binti simu, naye ndiye aliyekuja na gari kutuchukua."

"Haya, na paji la uso?"

Harpreet alitoa leso mdomoni. Alikuwepo, alijua.

"Mzee," akasema kwa upole, "hili ni deni, lilipe."

Evaristo akaitazama karatasi yake, akaiona ndefu mno. Akaiweka kando ya keki.

"Binti aliposema tisa hawatoshi," alisema, "mimi sikuwa na neno. Nilikuwa natazama viatu vyangu. Aliyesema ni Verlene. Alisema, 'Mimi nimefika ukingoni pale kila wiki kwa miaka minne na hakuna aliyeniona. Niandikeni mimi.' Basi. Hayo ndiyo maneno yaliyoleta taa, na miti, na hili paa. Si yangu." Akamgeukia Verlene. "Niliyachukua kwa sababu ni mazuri, na kwa sababu niliogopa atakwenda Reno, na bado nikikumbuka naogopa. Ahsante, Verlene. Ahsante kwa kubaki."

Verlene alingoja aone kama kuna nyongeza. Haikuwapo. Akajifuta jicho kwa ncha ya kidole.

"Sasa hiyo ni ya kweli," akasema. "Lakini umenivua heshima yangu mbele ya watu sitini, na ahsante peke yake haifuti. Nina madirisha manne yanayotazama reli, na treni haina huruma na vioo."

"Manne?"

"Nje na ndani."

Asubuhi iliyofuata Evaristo alikuwa juu ya kigoda, ghorofa ya tatu, kitambaa mkononi, na Verlene nyuma yake akinywa kahawa na kumwonyesha palipobaki doa.