Daftari la Dada Mtu

Mgeni alimwambia Bi Verlene Tolliver, tena kwa adabu zote, kwamba daftari lake halitahesabiwa. Bi Verlene, mwenye miaka themanini na minne na goti bovu, akamtazama kama aliyemmwagia kahawa mapajani.

Mgeni huyo, Lindquist, alikuwa akipima upya, kwa rekodi za zamani, warushaji mpira wa Nyota wa Carver Hill, timu ya besiboli ya watu weusi wa Alabama enzi zile wazungu hawataki kucheza nao. Asiyefikisha zamu mia tatu za kurusha hapangwi kwenye orodha. Kaka yake Verlene, Cleophus, magazetini alikuwa na zamu mia moja na kumi tu, maana magazeti ya mjini yaliwaandika weusi pale nafasi ilipobaki. Zilizosalia zote zimo kwenye daftari la Verlene, aliyekaa nyuma ya waya wa uwanja misimu minne akiandika kila mpira. Bila daftari hilo, Cleophus hayupo kwenye orodha.

Tatizo, akasema Lindquist, mwandishi ni dada mtu. Kamati inayopitisha orodha itasema alimpendelea.

"Nimpendelee Cleophus? Hebu funua Agosti arobaini na nane, Jumapili ya pili."

Akafunua. Zamu nane nzima Cleophus akirusha, hakuna mpigaji aliyepata pigo hata moja, yaani kuupiga mpira na kufika kituoni salama. Zamu ya tisa, ya mwisho, wapigaji wawili wameshatolewa na amebaki mmoja, mpira ukaja chini chini, ukamgonga mlinzi wa kituo cha tatu kwenye glovu, ukampita. Uwanja mzima ulimpigia Verlene kelele aandike kosa la mlinzi, ili Cleophus abaki na mchezo bila pigo, kitu ambacho mrushaji hukipata mara moja maishani, tena akibahatika. Mchungaji alimsihi. Mama yake mzazi alimsihi. Lakini mpira ule ulikuwa mkali, hakuna binadamu wa kuudaka, na Verlene wa miaka kumi na saba akaandika pigo.

Lindquist akavua miwani. Akakiri kwamba ukurasa huo utaifunga kamati mdomo, daftari lote litaingia. Angeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini furaha ikamponza, akaongeza kwamba gazeti moja liliandika ni kosa. Kwa hesabu za daftari, Cleophus amefungana na mrushaji mwingine kileleni mwa orodha. Pigo hilo likiondolewa, anabaki juu peke yake. Kalamu alikuwa nayo mkononi.

Bi Verlene akaibana karatasi ya Lindquist kwa kiganja. 

"Cleophus alikufa hajanisamehe," akasema. "Krismasi thelathini na sita meza moja, hanipitishii hata chumvi. Nami sikufuta. Leo uje wewe kumbembeleza kwa kalamu? Andika pigo."

Akamsimamia mpaka akaandika.