Jina la Marehemu Kwenye Orodha

Saa kumi kamili Marehemu alipanda ngazi, akafuta miguu kwenye gunia la mlangoni, akaketi mbele ya kompyuta ya pili. Mdogo wake alimsogezea kamera saba zilizofika asubuhi, kila moja imebandikwa karatasi yenye ugonjwa wake: hii inatoa picha ya kijani, hii inaganda, hii inaona vizuri lakini kompyuta haiiamini.

Chumba kilikuwa juu ya duka la vifaa vya shule. Humo ndugu hao wawili walitunza viendeshi vya kamera, yaani zile programu zinazokaa ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta na kuufundisha kuelewana na kila aina ya kamera. Ilikuwa kazi ya kufagia: mistari laki mbili na nusu iliyoandikwa na watu wa kila namna, wengine kwa haraka, wengine kwa majivuno, na wote walishaondoka. Viwanda vilivyouza kamera hizo kwa mamilioni vilichukua kazi yao bure, kwa kuwa ilitolewa bure, na havikuwahi kuwaazima hata fundi mmoja wa kusaidia. Kwenye kulalamika tu ndipo havikuwa na mkono wa birika.

Marehemu alikuwa amefia papo hapo mezani, miaka miwili nyuma, kidole kikiwa juu ya herufi moja ambayo ilijaza kurasa arobaini. Siku ya nne baada ya mazishi alirudi, akazifuta kurasa zile, akaendelea pale alipoishia. Jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya watunzaji, na kwa utaratibu wao hakuna badiliko linalopita mpaka mtunzaji aliyeorodheshwa alisome na kulitia sahihi. Kwa hiyo alikuja.

Aliyeumia ni mjane wake.

"Shemeji, huyu mtu kwangu hajakanyaga tangu tumzike," alimwambia mdogo mtu. "Huko kwenu hakosi hata siku moja. Watoto wakiniuliza niwajibu nini? Baba yenu amekufa, ila yuko kazini?"

"Ndivyo ilivyo, shemeji."

"Basi mtoeni jina. Akikosa kazi labda atakumbuka nyumbani."

Mdogo mtu aliona haya, maana kwa miaka miwili ilikuwa imemfaa kuwa na kaka pale. Kesho yake akaandika badiliko: futa jina la kaka, weka langu. Saa kumi Marehemu alilisoma na kumjibu kwa barua, ingawa viti vyao viligusana. Sheria ilitaka majadiliano yote yaonekane na kila mtu.

"Badiliko hili linafanya mambo mawili," aliandika. "Linafuta na linaongeza. Ligawe."

Akaligawa. Likarudi: sababu ya kufuta haijaelezwa. Mdogo mtu akaandika kwamba mtunzaji amefariki. Likarudi tena. Hiyo ni hali, Marehemu aliandika, siyo sababu. Mtunzaji anajibu barua zote ndani ya siku moja.

Katika toleo la nne mdogo mtu alipiga moyo konde, akaandika: "Mke wake anamsubiri."

Marehemu aliutazama sana mstari ule. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akairudisha. Akatia sahihi, akashuka ngazi bila kuaga. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kuaga.

Mjane alimngoja wiki tatu. Alinyoosha mashati yake, akawaambia watoto wasitupe viatu ovyo kwenye korido, asije akajikwaa. Hakuja mtu. Siku moja, saa nane mchana, akapanda ngazi za ofisini mwenyewe.

"Hapa hayupo, shemeji. Kweli tena."

"Mtafute."

Mdogo mtu akaifungua orodha ya watunzaji wa mfumo mzima. Jina lilikuwa kurasa mia mbili chini, kwenye viendeshi vya spika za zamani, vilivyokuwa yatima kwa miaka sita. Alijiandikisha mwenyewe, siku ile ile aliyotia sahihi. Mkuu wa mfumo alikuwa amemshukuru kwa mstari mmoja, kwamba nafasi hiyo walishakata tamaa ya kuipatia mtu.

"Siku ile ile?" mjane aliuliza. "Hata kupita nyumbani hakupita?"

"Hakupita."

Mjane alilia. Mdogo mtu moyo ulimuuma, akamsogezea kiti. Barua mia tatu zilikuwa zikimsubiri, na zote sasa zilikuwa zake peke yake.

"Na huko kwenye spika anakaa ofisi gani?"

"Hakuna ofisi, shemeji. Ni barua tu. Watu wanamtumia kazi, anasoma, anawajibu."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote. Ilimradi kazi iwe safi."

Mjane akajifuta uso kwa kiganja, akaweka mkoba chini. "Nifundishe," alisema.

Wageni huanzishwa kwa kazi isiyoweza kuharibu kitu: kufuta nafasi tupu zilizoachwa mwishoni mwa mistari. Mdogo mtu akamfungulia faili la spika moja ambayo haitengenezwi tena popote, akamwonyesha mara mbili. Mjane alikuwa mshonaji, na macho yake yalizoea kutafuta uzi uliobaki. Kazi ilimkaa haraka.

Saa kumi na moja simu yake ililia. Walikuwa watu wa shule, wakiuliza nani anakuja kuwachukua watoto. Wenzao wote walishaondoka na mlinzi alitaka kufunga geti.

"Nakuja sasa hivi," alisema, macho kwenye skrini. "Nimalizie mstari mmoja tu."